Sura ya Saba: Mafahali Wawili, Zizi Moja

Kisanduku kilikuwa cha plastiki, kikubwa kidogo kuliko pakiti ya majani ya chai, nacho kilikaa juu ya mfuniko wa tangi la maji nyumbani. Ndani mlikuwa na kihisi cha kupima kina cha maji, redio ndogo na betri ya kuchaji. Juu nilibandika paneli ya sola yenye upana wa kiganja, na upande wa mashariki nikasimamisha antena, kijiti cha sentimita 17. Kila robo saa kilitakiwa kuniambia tangi limebakiwa na maji kiasi gani. Siku tatu kiliniambia. Usiku wa nne kilizimika kabla ya jogoo la kwanza, kikafufuka adhuhuri, na tangu hapo ikawa hivyo hivyo kila siku.

Nilibadilisha betri. Nikakaza nyaya, nikafuta vumbi. Sababu niliiona asubuhi moja, saa tatu hivi, nilipopanda ngazi kuangalia jambo jingine kabisa. Kivuli cha antena kilikuwa kimelala juu ya paneli, chembamba kama penseli, kimefuata kwa urefu kipande kimoja cha seli. Paneli ndogo kama ile ni safu ya vipande vyembamba vilivyofungwa mfululizo, na umeme wa kimoja lazima upite kwenye vyote. Ni kama watu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani: aliyechoka kuliko wote ndiye anayepanga kasi ya mstari mzima. Kivuli kile kilifunika sehemu ndogo sana ya uso wa paneli, lakini kiliondoa karibu nusu ya umeme wake, tangu jua linapopanda hadi linapokaribia utosini.

Basi nikaing'oa antena nikailaza ndani ya kisanduku, chini ya paneli. Kivuli kikaisha. Betri ikajaa. Na ujumbe ukakatika, kwa sababu seli ya jua ina utando wa metali mgongoni, na antena iliyolazwa kandokando ya metali hupoteza sauti.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na juu ya tangi lile niliwaona wakipigana. Paneli inataka uso wa kisanduku uwe wazi kwa jua. Antena inataka uso huo huo uwe wazi kwa mawimbi. Ukimpendelea mmoja, mwingine anaumia. Sura hii ni ya watu waliokataa kumchagua mmoja, wakaanza kuuliza kama seli ya jua yenyewe inaweza kuwa antena.

Kwanza tuelewe kwa nini ugomvi huu hauishi wenyewe kwa vifaa kuwa vidogo. Karibu kila kitu ndani ya kihisi kimekuwa kikipungua kwa miaka 60 mfululizo. Chipu inayofanya hesabu leo inaenea kwenye ukucha wa kidole cha mwisho, na ya kesho itaenea kwenye punje ya mchele. Lakini mwanga wa jua haunenepi ili kukurahisishia kazi. Kila sentimita ya mraba hupewa fungu lake na basi. Wala wimbi la redio halipungui. Redio nyingi za vihisi vya mashambani hutumia masafa ya karibu megahezi 868. Gawanya mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa mitikisiko milioni 868, utapata wimbi lenye urefu wa sentimita 34.5. Antena nzuri hupenda nusu ya urefu huo, yaani kijiti changu cha sentimita 17, au ikibanwa sana, robo yake. Kwa hiyo kadiri kisanduku kinavyopungua, chipu hazigombei tena nafasi. Wanaobaki kugombea ni wale wawili.

Mtu atauliza, na ni swali la haki: kwa nini tusiweke betri tu tukaachana na jua? Hapa inabidi tukae chini tupige hesabu, kwa sababu habari nyingi za vihisi visivyotumia waya huandikwa bila hesabu, na bila hesabu kila kitu kinaonekana kinawezekana.

Kipimo chetu kiwe jouli. Jouli moja ni takriban nishati unayotumia kuinua embe dogo la gramu 100 kwa mita moja. Chukua kihisi cha unyevu wa udongo kinachotuma ujumbe kila robo saa. Redio yake ikitumia miliwati 130 kwa sekunde 0.4, ujumbe mmoja unagharimu karibu jouli 0.05. Ongeza kidogo kwa ajili ya kupima na kuhesabu, iwe 0.06. Kwa siku kuna jumbe 96, kwa hiyo jouli kama 5.8. Katikati ya ujumbe na ujumbe kifaa kinalala, lakini usingizi nao una gharama: mikrowati 15, yaani wati 15 zilizogawanywa mara milioni moja, ambazo kwa saa 24 zinafika jouli 1.3. Jumla ni kama jouli 7 kwa siku. Ni kuinua embe mara saba. Ni kidogo mno, na bado lazima mtu akilipe.

Betri ya mviringo bapa, ile ya kwenye mizani za jikoni na funguo za magari, ina jouli kama 2,400. Gawanya kwa 7, upate siku 343. Haifiki mwaka. Kama una kihisi kimoja, hakuna tatizo. Utabadilisha betri kila baada ya mavuno. Kama una vihisi 1,000, ni betri tatu kila siku inayopambazuka, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na hazitaisha kamwe. Betri kubwa zaidi huahirisha safari hiyo, haiifuti. Na gharama ya kweli haimo ndani ya betri. Imo katika pikipiki, mafuta, barabara ya udongo iliyokatika kwa mvua, na fundi anayefika mwisho wa njia na kukuta mwenye shamba amesafiri na ufunguo wa geti.

Wanaolijua jambo hili kwa undani ni watu wa vituo vya hali ya hewa. Mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na Nick van de Giesen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, na John Selker wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, ulijiwekea lengo la vituo 20,000 Afrika kusini mwa Sahara, kimoja katika kila kilomita 30 hivi. Vingi vilivyokwisha kusimikwa, Kenya na Uganda zikiwemo, viko kwenye viwanja vya shule, ambako walimu huvitunza na wanafunzi hujifunza kwavyo. Vipimo vyake havina sehemu hata moja inayozunguka; upepo unapimwa kwa sauti isiyosikika na sikio. Data hutumwa kwa mtandao wa simu. Na kisanduku kinachotuma kina paneli ndogo usoni pake, betri za kuchaji nyuma yake, na antena ikiwa imejificha humo humo ndani. Yeyote aliyebuni vituo vya kupandwa kwa maelfu amelazimika kuwapatanisha mafahali wale, kwa namna moja au nyingine, maana kila kijiti kinachochomoza nje ni kitu ambacho siku moja ndege atatua juu yake au mpira utakigonga.

Sasa tuliulize jua linalipa kiasi gani. Saa sita mchana, bila wingu, mita moja ya mraba hupokea karibu wati 1,000. Sentimita moja ya mraba hupokea miliwati 100, na seli ya kawaida inayogeuza asilimia 15 inatoa miliwati 15. Jouli zetu saba zinapatikana kwa chini ya dakika nane za jua kali, kwa seli yenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Seli yenye sentimita za mraba 15, kama uso wa kiberiti, inazimaliza kwa nusu dakika. Nilipofika kwenye hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea nukta.

Lakini ingiza kihisi hicho hicho ndani ya ofisi, chini ya taa ya dari. Macho yetu yanatudanganya hapa. Tunaona chumba kina mwanga wa kutosha, kumbe ni sehemu ndogo sana ya mwanga wa nje. Sentimita ya mraba sasa inatoa mikrowati 10 hivi. Kiberiti chetu kinatoa 150, na kwa saa kumi za kazi kinakusanya jouli 5.4. Tunahitaji 7. Tumepungukiwa, na tumepungukiwa kidogo, jambo ambalo linaudhi zaidi kuliko kupungukiwa sana. Hapa ndipo kila sentimita inapokuwa na thamani. Antena ikimega theluthi moja ya uso wa kiberiti, kihisi kinakufa kabla ya Ijumaa. Antena na seli zikikaa pamoja bila kumegana, unaweza kuutandaza uso mzima, ukapunguza jumbe kidogo, na kifaa kikaishi.

Wapo wanaosema antena yenyewe ivune umeme kutoka kwenye mawimbi yaliyojaa hewani: ya simu, ya redio, ya televisheni. Wazo hilo lina asili ya heshima. Mwaka 1964 William C. Brown, mhandisi wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, alirusha helikopta ndogo iliyopata nguvu zake zote kutoka kwenye mwale wa mawimbi ya maikro ulioelekezwa kutoka chini, ukipokewa na antena zilizounganishwa na diodi, yaani milango ya umeme inayofunguka upande mmoja tu. Lakini Brown alikuwa na mwale mkali unaolenga mahali pamoja. Mawimbi yaliyozagaa mjini ni kitu kingine. Hata ukiyakadiria kwa ukarimu, mikrowati 0.1 kwa sentimita ya mraba, kiberiti chetu kinapata mikrowati 1.5. Usingizi peke yake unataka 15. Kifaa kinachotegemea mawimbi hayo hakitoshelezi hata kulala, sembuse kuamka na kusema neno. Kwa maoni yangu, fedha nyingi za utafiti zilizokwenda huko zingefaa zaidi kwenye ndoa ya antena na jua. Antena ibaki kuwa mdomo na sikio. Tumbo liwe seli.

Yupo pia anayewaza mbali zaidi: kama mwanga nao ni wimbi, kwa nini tusitengeneze antena ya mwanga? Wimbi la mwanga wa kijani lina urefu wa nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na diodi ya kulifuata lazima ifungue na kufunga mara milioni milioni mia sita kwa sekunde. Mwaka 2015 Baratunde Cola na wenzake wa Georgia Tech walionyesha kifaa cha namna hiyo kwa mirija midogo mno ya kaboni. Kilifanya kazi. Kiligeuza kiasi kilicho chini sana ya asilimia moja ya mwanga. Tuwaache waendelee, sisi turudi kwenye seli zinazouzwa dukani.

Jua na redio vilikutana mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Tarehe 25 Aprili 1954, maabara ya Bell huko New Jersey ilipoonyesha hadharani seli ya silikoni ya Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, iliyogeuza takriban asilimia 6 ya mwanga, moja ya vitu walivyoviendesha nayo ilikuwa redio. Miaka minne haikutimia, seli za jua zikawa zimefika angani. Tarehe 17 Machi 1958 Marekani ilirusha Vanguard 1, tufe la alumini lenye kipenyo cha sentimita 16.5 na uzito wa kilo moja na nusu hivi, ukubwa wa balungi. Lilikuwa na redio mbili. Moja ilitumia betri, nayo ilinyamaza Juni mwaka huo huo. Nyingine ilitumia seli sita za jua, ikirusha kwa nguvu ya miliwati tano tu, na iliendelea kusikika hadi Mei 1964. Miezi mitatu kwa miaka sita: sijui hoja nyingine ya kutetea umeme wa jua iliyo fupi na kamili kuliko hiyo. Kwa kufuatilia sauti yake hafifu wanasayansi waligundua kwamba dunia ina umbo lililovimba kidogo upande mmoja kama peasi. Tufe lenyewe bado linazunguka juu yetu, kitu cha zamani kuliko vyote vilivyotengenezwa na binadamu vilivyomo angani.

Ukitazama picha ya Vanguard utaona seli sita zimebandikwa kwenye tufe, na antena sita zimechomoza kama miiba ya nungunungu. Kila kimoja mahali pake. Kwa miaka mingi vyombo vya angani viliendelea hivyo: mabawa ya sola huku, masahani ya antena kule. Chombo kikubwa kina nafasi. Tatizo likaja setilaiti zilipopungua ukubwa. Mchemraba wa sentimita 10, kama 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018, una nyuso sita tu, na kila mtu anauliza uso wake uko wapi: mwenye seli, mwenye kamera, mwenye antena. Suluhisho la kawaida ni antena za utepe zinazokunjwa wakati wa kurushwa na kukunjuka angani. Zikigoma kukunjuka, setilaiti nzima ni bubu. Ndiyo maana wazo la kuiunganisha antena na seli lilichipuka kwanza kwa watu wa anga, na baadaye tu likateremka kwenye vihisi vya ardhini.

Ili kuona lilivyochipuka, turudi kwenye antena yangu iliyonyamaza chini ya paneli. Mkondo unapokimbia ndani ya kijiti, bamba la metali lililo jirani huamsha mkondo wake unaokwenda kinyume, kama kioo kinavyogeuza mkono wa kulia kuwa wa kushoto. Wimbi la kijiti na wimbi la bamba yanafutana. Ukikiinua kijiti robo ya wimbi juu ya bamba, yanapatana tena, lakini hiyo ni karibu sentimita tisa, na hakuna anayetaka kisanduku chenye ghorofa.

Miaka ya 1970 wahandisi waliendeleza namna nyingine, antena bapa. Unachukua bamba la metali lenye urefu wa karibu nusu ya wimbi, unalilaza milimita chache juu ya bamba jingine kubwa zaidi, na katikati unaweka kihami. Ajabu ya antena hii ni mahali mawimbi yanapotokea. Hayatoki usoni. Yanatoka kwenye kingo mbili za mwisho, pale ambapo nguvu iliyobanwa kati ya mabamba inapata upenyo. Uso wa juu, ule mpana unaotazama mbinguni, haufanyi kazi yoyote ya kurusha. Umekaa tu pale, wazi, mtupu, kwenye jua.

Watafiti wa Japani, Tanaka na wenzake, walionyesha katikati ya miaka ya 1990 kwamba uso huo unaweza kubandikwa seli kwa ajili ya setilaiti ndogo. Kutoka hapo hatua iliyofuata ilikuwa kutambua jambo ambalo mimi nililigundua kwa hasara juu ya tangi: seli ya jua tayari ina metali mgongoni. Kwa nini basi kubandika seli juu ya bamba, wakati seli inaweza kuwa bamba lenyewe? Huko Lausanne, Uswisi, Simona Vaccaro na Juan Mosig, wakishirikiana na Peter de Maagt wa Shirika la Anga la Ulaya, walijenga antena za aina hiyo wakaziita SOLANT, na mwaka 2003 wakachapisha miundo miwili, mmoja wa setilaiti na mwingine wa matumizi ya ardhini. Walitumia silikoni isiyo ya fuwele, inayotandazwa nyembamba kama rangi.

Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Ugumu ni kwamba sasa kipande kimoja cha metali kinabeba mikondo miwili yenye tabia mbili. Mkondo wa jua unatiririka upande mmoja bila kuyumba, kama maji ya mfereji. Mkondo wa redio unakwenda na kurudi mara milioni 868 kila sekunde. Usipoitenganisha, umeme wa redio utateremka na waya za kuchaji na kupotelea kwenye betri, na waya hizo zenyewe zitageuka antena za ovyo. Dawa ya kwanza inajulikana na kila fundi redio: koili ndogo, ambayo huruhusu mkondo uliotulia na kuzuia unaotikisika, na kapasita, ambayo hufanya kinyume chake. Dawa ya pili naipenda zaidi kwa sababu haihitaji kununua kitu. Bamba la antena lina tabia ya ubao wa pembea wa watoto: ncha moja ikipanda nyingine inashuka, na katikati kabisa pametulia. Volti ya redio katika mstari huo wa katikati ni sifuri. Ukiunga waya wako wa jua hapo hapo, redio haina habari kwamba kuna waya.

Zipo busara nyingine za namna hiyo, ambazo mtu hujifunza kwa mkono. Ukitaka kuligawa bamba kuwa seli kadhaa ili upate volti ya kutosha, mikato ifuate mwelekeo wa mkondo wa redio, kama fundi seremala anavyopasua mbao kufuata nyuzi zake. Ukikata kwa kukingama, umeivunja antena. Silikoni yenyewe si kipitishi kizuri wala kihami kizuri, na wimbi linalopita ndani yake hupungukiwa na nguvu. Kwa hiyo silikoni ikae upande wa juu wa metali, kwa sababu mkondo wa redio hukimbia zaidi upande wa chini, kati ya bamba na bamba. Hapo jua linapata paa, redio inapata chumba cha chini, na metali ni dari ya mmoja na sakafu ya mwingine.

Njia nyingine inageuza mpangilio huo juu chini. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, Timothy Turpin na Reyhan Baktur waliweka antena juu ya seli, lakini antena iliyotengenezwa kama chandarua. Nyuzi zake za metali ni nyembamba na matundu ni makubwa, kwa hiyo mwanga unapita. Wimbi la redio, ambalo ni refu mno kuliko tundu, halioni matundu. Kwake chandarua ni bamba zima. Kazi hiyo waliichapisha mwaka 2009. Kasoro yake inajulikana kwa yeyote aliyewahi kuchagua chandarua: matundu yakiwa makubwa hewa inapita vizuri na kinga inapungua. Kila asilimia ya mwanga unayoiongeza unailipia kwa antena dhaifu kidogo.

NASA ilichukua njia ya tatu, iliyo rahisi hadi mtu anashangaa kwa nini haikuja kwanza. Chombo chake kidogo ISARA, kilichoondoka duniani tarehe 12 Novemba 2017, kilikuwa na paneli za kukunjuka zenye seli upande mmoja na antena iliyochapishwa upande wa pili. Mgongo wa paneli, ambao siku zote ulikuwa mahali pa gundi na nyaya, ukawa sahani la kurushia mawimbi. Lengo lilikuwa kutoka kilobiti 9.6 kwa sekunde za redio za kawaida za vyombo vidogo hadi zaidi ya megabiti 100. Angani mpango huu unaleta maana, kwani jua na dunia mara nyingi viko pande tofauti. Ardhini mgongo wa paneli unatazama udongo.

Hilo linatuleta kwenye jambo ambalo huko Ulaya halijitokezi sana. Antena bapa hurusha kwa nguvu zaidi kule uso wake unakotazama. Paneli ya Ujerumani huinamishwa sana kuelekea kusini ili ikutane na jua, kwa hiyo antena iliyo juu yake inatazama nusu mbinguni, nusu upeo wa macho, na mnara ulio kusini utaisikia. Kwetu karibu na ikweta jua linapita utosini. Paneli inalazwa karibu bapa kama mkeka, na antena iliyomo ndani yake inatazama juu moja kwa moja, wakati mnara wa kupokea data uko kilomita tano kule, kwenye upeo. Ukichukua muundo wa SOLANT kama ulivyo ukaulaza katika shamba la Dodoma, unaongea na mawingu. Kwa masafa ya megahezi 868 lipo tatizo la pili: nusu ya wimbi ni sentimita 17, kubwa kuliko kiberiti chetu kwa mbali. Kwa sababu hizo mbili mtu wa huku anafaa zaidi kutumia seli kama sakafu ya antena, si antena yenyewe: kijiti kifupi kilichokunjwa kando ya ukingo wa kaskazini au wa kusini, au ufa mwembamba uliokatwa kati ya seli na seli, vinavyorusha kwa ubavu na havitupi kivuli cha maana. Kisanduku changu cha tangi hatimaye kilipona hivyo. Nilikunja waya ukingoni, nikautumia utando wa metali wa paneli kama ardhi yake, na ujumbe ukarudi.

Lakini kama anayesikiliza yuko juu, hali inageuka kabisa. RWASAT-1 ya Rwanda, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2019, ilibeba chombo cha kupokea data kutoka vihisi vya ardhini na kuihifadhi hadi ipite juu ya kituo cha kuipakulia. Kihisi kinachoongea na setilaiti ya namna hiyo kinataka antena inayotazama mbingu ile ile linamokaa jua. Kwenye ikweta, na kwenye ikweta zaidi ya mahali pengine popote, seli iliyolazwa bapa na antena iliyolazwa bapa zinataka kitu kimoja. Mwenye shamba lililo mbali na mnara wowote wa simu angeweza kukilaza kigae kimoja ardhini, bila kijiti, bila mlingoti, akakisahau.

Linabaki suala la usiku. Kihisi cha Helsinki kinapaswa kuweka akiba ya wiki nyingi, maana Desemba jua huonekana saa chache tu, tena chini chini. Kinahitaji betri, na betri ndiyo inayokufa kwanza kuliko vyote, hasa ikikaa kwenye joto. Kihisi cha Kisumu au Mwanza kina usiku wa saa 12 mwaka mzima, ukiongeza au kupunguza dakika chache. Na masika? Tufanye wingu zito linapunguza mwanga hadi sehemu moja ya kumi. Kiberiti chetu bado kinatoa miliwati 22, na jouli saba zinapatikana kwa dakika tano na kitu. Kwa hiyo hatuhitaji akiba ya wiki ya mvua. Tunahitaji akiba ya usiku mmoja tu, jouli 3.5, pamoja na nusu jouli au zaidi kidogo ya kufidia uvujaji. Kapasita kubwa ya faradi 1.5, ikishuka kutoka volti 3.3 jioni hadi 2.2 alfajiri, inatoa jouli 4.5. Ina ukubwa wa ncha ya kidole, huchajiwa mamia ya maelfu ya mara, na inaenea chini ya seli bila kunyanyua kisanduku.